Daftari la Wiki: Pilipili kwanza, chupa baadaye

Zabibu za Dodoma zimeingia mjini. Wiki hii kwenye kila foleni ya Dar es Salaam kulikuwa na kijana mwenye beseni kichwani, anapita kati ya magari na vichala vyeusi vilivyonyunyiziwa maji ili ving'ae. Hayo maji ni ujanja wa biashara tu, lakini utamu ni wa kweli, na mbegu zake ni nyingi kiasi kwamba ukila ndani ya gari unahitaji dirisha lililo wazi na jirani mvumilivu.

Msimu huu wa Agosti na Septemba ni wa pili kwa mwaka. Mwingine huja mapema, mwezi wa tatu hivi. Mzabibu wa Ulaya hulazwa na baridi, ukaamka wenyewe majira yakibadilika. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo anayeuamsha mmea ni mkulima mwenye mkasi. Akishapogoa matawi, mzabibu unachipua, na baada ya miezi minne hivi kuna vichala. Ndiyo maana mtu wa Hombolo au Mpunguzi anavuna mara mbili wakati mwenzake wa Ufaransa anavuna mara moja. Mapadre Wakatoliki ndio walioanza kupanda mizabibu pale Bihawana, katika miaka ya 1950, na nadhani hawakuwa wakifikiria meza za mahotelini. Walitaka divai ya misa. Mvua chache na kiangazi kirefu cha Dodoma, ambavyo mkulima wa mahindi huvilalamikia kila mwaka, viliufaa mzabibu, maana unyevu ndio unaouletea ukungu.

* * *

Na sasa uchungu wangu. Ijumaa nilikula katika mgahawa mmoja wa ufukweni, wa vitambaa vyeupe mezani na glasi zenye miguu mirefu. Samaki alikuwa kolekole, mbichi kabisa, kachomwa vizuri. Nikamwuliza mhudumu, "Kaka, mvinyo wa Dodoma mnao?" Akainama kidogo, akasema, "Huo hatuna, bosi. Ila tuna wa kutoka nje." Alisema "wa kutoka nje" kwa sauti ya mtu anayekufariji msibani.

Orodha ilikuwa na Afrika Kusini, Chile na Italia. Sina ugomvi na nchi hizo, na mvinyo wa Afrika Kusini nimeunywa kwa furaha mara nyingi. Lakini samaki amevuliwa karibu, ndimu imetoka Tanga, nazi imetoka Mafia, halafu chupa pekee mezani iwe imevuka bahari! Chenin Blanc ya Dodoma, ile kavu, ikiwa baridi, ingemfaa kolekole yule kuliko chochote nilicholetewa.

Nilicholetewa kilikuwa chekundu, tena cha moto. Mhudumu akanieleza kwamba mvinyo mwekundu haupozwi, hunywewa katika joto la chumba. Ni kweli, ila kwanza tuulize chumba cha nani. Kanuni hiyo ilizaliwa katika nyumba za Ulaya za zamani ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18, watu wamevaa sweta. Chumba cha Dar mwezi Februari kina nyuzi 30 na zaidi. Ukiunywa mwekundu katika joto hilo unaonja spiriti tupu. Nyumbani naweka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya chakula, na mgeni mjuaji akinisuta ninamwambia angoje aonje.

* * *

Kuna dharau moja imezoeleka miongoni mwa wanaojiita wapenzi wa mvinyo: kuwacheka wanaopenda mtamu. Ukiagiza mvinyo mtamu kama Dompo mbele yao, wanatazamana. Mimi naona wanaocheka ndio wasiojua meza wanayokalia.

Pilipili ina tabia zake. Ule ukakasi wa mvinyo mwekundu mkavu, unaokausha ulimi kama chai iliyokaa mno kwenye birika, ukikutana na pilipili mbuzi unageuka uchungu. Kileo kikali nacho kinauchochea moto badala ya kuuzima. Kinachotuliza ni sukari, ubaridi na uchachu kidogo. Sasa tazama meza zetu: kachumbari yenye pilipili, mishikaki ya kuchovya kwenye ukwaju, achari ya embe pembeni. Mtu wa Manzese anayechukua glasi ya mvinyo mtamu uliotiwa barafu ili ashushie mishikaki hakusoma kitabu chochote, lakini ulimi wake umefikia jibu sahihi. Anayekunywa mkavu mkali pamoja na pilipili ileile kwa sababu ameambiwa ndio ustaarabu, anateseka kwa fedha zake.

Kwa wasiokunywa kileo, na katika mji huu ni wengi, hesabu ni ileile: maji ya ukwaju baridi yenye sukari kidogo yanafanya kazi hiyohiyo, na huenda yanaifanya vizuri zaidi. Nimewahi kukaa kwenye karamu ya harusi Kariakoo, biriani la mbuzi na jagi la ukwaju, na sikukumbuka chupa hata mara moja.

* * *

Jumamosi asubuhi, soko la samaki la Feri. Ukitaka kuelewa kwa nini wapishi wa pwani hawana subira na maneno mengi, nenda mnadani wakati ngalawa zinashusha. Bei inapanda na kushuka kabla hujamaliza kumeza mate. Mimi si mtu wa mnada. Huwa nangoja kina mama wachuuzi wanunue, kisha nanunua kwao. "Mwanangu, huyu changu kalala wapi unafikiri? Kalala baharini!" Nikafunua matamvua, mekundu, macho yamevimba, yanang'aa. Nikalipa bila kubishana sana, maana Bi mkubwa yule akikasirika wiki inayofuata utauziwa wa juzi.

Samaki wa kupaka hahitaji ufundi mkubwa, anahitaji usiondoke jikoni. Changu akatwe mistari ubavuni, apakwe kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na ndimu, akae saa moja. Nazi ikunwe. Najua kuna tui la boksi na sitamlaumu mtu mwenye watoto watatu na kazi, lakini harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi haijaingia kwenye boksi bado. Kasimele, yaani tui la kwanza, iwekwe kando. Tui la pili ndilo la kuanzia, na bizari, pilipili na ukwaju. Likianza kupata moto mwiko usisimame, vinginevyo tui linakatika na hakuna dawa. Mwisho mimina kasimele, acha tui liwe zito. Samaki awe juu ya mkaa tayari, anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena, hadi tui ligande na kuungua kidogo kwenye kingo.

Kwenye kingo hizo ndipo ilipo raha yote. Mke wangu anasema mimi hupika samaki mzima ili nile sentimita mbili zake.

* * *

Mchana wa kazi sina mgahawa wa vitambaa vyeupe. Nina mama ntilie wa nyuma ya ofisi, wali maharage na mchicha wa nazi, na dagaa siku akiamka vizuri. Wali wake ni wa Kyela, unanukia kabla hujakata kona. Jambo ninalomheshimu ni kwamba anapika sufuria chache na zikiisha zimeisha. Saa nane ukifika utakuta anaosha. Mgahawa wenye orodha ya kurasa kumi na mbili, pasta, biriani, supu ya Kichina na mtori humohumo, hunitia wasiwasi: mpishi gani ana mikono hiyo yote?

 

* * *

Rafiki kutoka Iringa ananicheka kwa hizi habari za chupa. Kwao kuna ulanzi, unaogemwa kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua: ncha inakatwa asubuhi na jioni, mbeta ya kukingia inafungwa chini, utomvu unadondoka. Asubuhi ni mtamu, hata mtoto anaonjeshwa. Ukikaa unakuwa mkangafu, na watu wazima wanaanza kueleza mambo waliyonyamazia mwaka mzima. Mnazi wa pwani una mbio hizohizo, na mbege ya Wachaga ikishaiva nayo ina siku zake chache.

Vinywaji hivi havisafiri. Havina lebo wala mwaka wa mavuno, na hakuna atakayevikuta kwenye ndege. Mvinyo unashinda kwa sababu unajua kungoja. Lakini rafiki yangu ana hoja: kinywaji kinachokulazimisha uende kwao, msimu wake, ukae kwenye benchi lao, kinakupa na watu wa kunywa nao. Nimemwahidi kwenda mvua zikianza.

* * *

Jambo dogo kuhusu ukoko. Jiko la gesi limetuletea mengi mazuri, ila pilau lake halina ukoko wa maana. Moto uko chini tu. Pilau hutaka kupaliwa, makaa juu ya kifuniko na makaa machache chini, hadi punje za mwisho zishike sufuria na kuwa za kahawia, zimejaa mafuta, hiliki na vitunguu vilivyoungua kwa makusudi. Jumapili nililirudisha jiko la mkaa kibarazani kwa ajili hiyo tu.

Tulikuwa na wageni, na ukoko ukagawanywa kwa haki isiyo ya kawaida kwa ukoo wetu. Nikatoa chupa ya mvinyo mwekundu wa Makutupora kutoka kwenye friji. Ule uchachu wake na yale mafuta ya ukoko, jamani, havikuhitaji mtaalamu wa kuviunganisha. Shemeji yangu, mtu wa bia tangu namfahamu, akasema mvinyo baridi ni kituko, mwekundu tena. Akasema hivyo mara kadhaa, kila alipokuwa akijiongezea.