Nchi nyekundu ya Kondoa si ya kupigia picha tu

Wiki hii hapa hosteli stori ni moja tu: safari. Mshkaji wa chumba cha jirani kaweka kwenye kompyuta yake picha ya Zion, ile hifadhi ya Utah kule Marekani. Majabali mekundu yamesimama kama kuta za ngome, barabara inapita chini yake. Anasema siku akizipata lazima aende akaendeshe gari huko. Sawa, kuota hakulipiwi ada. Ila mimi mtoto wa Zuzu, hapa hapa Dodoma, nasema hivi: nchi nyekundu tunayo, na ya kwetu ina somo zito kuliko ile.

Hebu tupange safari. Siku hizi ni lami kutoka Iringa, unapita Dodoma, mpaka Babati. Basi la kawaida linatosha. Unaanzia Isimila, nje kidogo ya Iringa mjini. Pale kuna korongo lenye nguzo ndefu za udongo mgumu, ambazo maji ya mvua yamezichonga taratibu mpaka zikabaki zimesimama peke yake. Zana za mawe ziligunduliwa pale mwaka 1951, na kina Clark Howell wakaja kuchimba 1957 na 1958. Halafu unarudi Dodoma, unakula ugali wa uwele na mlenda, unalala. Kesho yake unapanda kaskazini hadi Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Utaona watu, twiga na tembo waliochorwa kwa rangi nyekundu. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja.

Majina haya tuliyakariri wote kidato cha kwanza, tukayatapika kwenye mtihani, yakaisha.

Sasa basi, ukishamaliza michoro usikimbilie basi. Geuka uangalie vilima vya Irangi na makorongo yake. Hapo hakuna tiketi wala kibao, na hapo ndipo penye hoja yangu. Wekundu wa Zion, wa udongo wa Kondoa na wa ile michoro unatoka kwenye kitu kimoja: chuma kilichoshika kutu. Isimila maji yakichonga ardhi tunalipa kiingilio kwenda kuona. Kondoa maji hayo hayo yakichonga ardhi, shamba la mtu limeondoka. Uzuri na msiba vina fundi mmoja.

Hali ilikuwa mbaya mpaka serikali, kwa msaada wa Sweden, ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mwaka 1973. Walichimba matuta, wakapanda miti. Haikutosha. Mwaka 1979 ikaja amri: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba zipatazo 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda kama 90,000 wakaondolewa. Majani yakarudi, miti ikaota, na mabonde yaliyojaa mchanga yakaanza kulimika. Mwaka 1989 ukaanza utaratibu wa kufugia ng'ombe bandani, unamkatia majani na kumpelekea.

Jamani, ukisoma hiyo kwenye handaut ni mistari mitatu. Mimi ni Mgogo. Kwetu ng'ombe ni mahari, ni maziwa ya mtoto, ni benki ya mwaka wa njaa. Nilipomsimulia babu habari za 1979 alinyamaza kidogo, akauliza: "Hao ng'ombe walikwenda kula wapi?" Swali la mtu ambaye hakusoma jiografia, lakini ndilo lenyewe. Wengi walihamia tambarare za jirani, mzigo ukahamia kwa wengine.

Msimamo wangu ni huu. Kuondoa mifugo kuliiokoa ardhi ya Kondoa, na anayebisha akaviangalie vile vilima. Lakini gharama waliibeba wafugaji, tena kwa amri. Mwalimu anayefundisha nusu ya kwanza tu anamdanganya mtoto. Anayefundisha nusu ya pili tu anamdanganya vilevile. Na nusu zote mbili huwezi kuzipata darasani. Lazima ukae na wazee wa pale, uwaulize mmoja baada ya mwingine.

Najua mtasema bumu halitoshi hata chipsi. Kweli. Lakini tukichanga darasa zima na kukodi Coaster, Kolo unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Sisi tunaokwenda kuwa walimu tuache kungoja Serengeti ndiyo tuseme tumetembea nchi yetu.

Tena hili si la Kondoa peke yake. Mji wa Dodoma unakua kila siku, miti inageuka mkaa na viwanja, na mvua zetu za hapa zikinyesha zinanyesha kwa hasira. Korongo huanza na mfereji mdogo ambao mtoto anauruka. Nikipangiwa shule mwakani kwa mafunzo ya vitendo, somo langu la kwanza la mmomonyoko nitalifundishia nje, kwenye mfereji ulio karibu, kabla haujawa korongo.

Nawasilisha.