Biashara ya viyoyozi: Usalama wa ufungaji waanzia mpakani

Viyoyozi vya vipande viwili, kimoja cha ndani na kingine cha nje, ni miongoni mwa bidhaa zinazoshuka katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam na kuendelea kwa barabara hadi Kampala, Kigali na Bujumbura. Wafanyabiashara wengi huipigia bidhaa hii hesabu kama ya friji au televisheni: bei ya kununulia, nauli, ushuru, faida. Hesabu hiyo ina pengo. Friji hutoka kiwandani ikiwa imekamilika. Kiyoyozi cha aina hii hukamilishwa ukutani kwa mteja, na kazi ikiharibika, lawama humrudia aliyeuza.

Hali ni hiyo hiyo kwa mashine zinazopoza na kupasha joto pia, yaani pampu za joto. Hizo zina vali inayogeuza mwendo wa gesi, na viungo vyake vikivuja hasara ni ile ile.

Gesi si moja

Jambo la kwanza kuangaliwa ni kibao kilichobandikwa kwenye kipande cha nje. Humo mna jina la gesi, uzito wake na kiwango cha umeme. Mashine za zamani zilitumia R22. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za kundi hilo kwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kuyakomesha 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Maana yake kibiashara iko wazi: anayeingiza leo mashine iliyotumika ya R22 anauza kitu ambacho gesi yake itazidi kuadimika.

Mrithi wake, R410A, hufanya kazi kwa mgandamizo unaokaribia mara 1.6 ya ule wa R22, kwa hiyo mabomba na geji za zamani hazifai. Nayo imeguswa na makubaliano yaliyofikiwa Kigali Oktoba 2016, yaliyozitaka nchi za kundi la Afrika Mashariki kusimamisha ongezeko la matumizi kuanzia 2024 na kuanza kuyapunguza 2029. Ndiyo sababu viwanda vimehamia R32, ambayo madhara yake kwa tabianchi ni takriban theluthi moja ya yale ya R410A. Lakini R32 inaweza kushika moto, ingawa kwa taabu. R290, ambayo ni propani, hushika moto kwa urahisi.

Msafirishaji anahusikaje?

Kwenye kanuni za kimataifa za usafirishaji, mtungi wa R22 hubeba namba UN 1018 na ule wa R410A UN 3163, zote zikiwa gesi zisizowaka. R32 ni UN 3252 na propani UN 1978, ambazo ni gesi zinazowaka. Dereva anayepakia mitungi ya R32 chini ya hati iliyoandikwa "gesi ya friji" tu amebeba hatari asiyoijua, na ajali ikitokea bima inaweza kupata sababu ya kutolipa. Mitungi isimamishwe, ifungwe isigongane, na isiachwe kwenye joto la kuzidi nyuzi 52. Kipande cha nje nacho kisafirishwe kikiwa wima, kwa kuwa kikilazwa mafuta ya kompresa huhama.

Gesi bandia ni tishio kubwa zaidi. Mwaka 2011, wafanyakazi 3 walikufa nchini Vietnam na Brazil baada ya mitambo ya makontena ya baridi kulipuka. Uchunguzi ulionyesha kuwa mitambo ilijazwa gesi iliyochanganywa na kloridi ya methili, kemikali ambayo ikikutana na aluminiamu huzaa kitu kinachowaka kikigusa hewa. Mamia ya makontena yaliwekwa kando bandarini. Waliokufa hawakuwa wauzaji wa gesi ile; walikuwa watu wa kazi. Mtungi wa bei ya kutupa, usio na jina la kiwanda, una historia hiyo nyuma yake.

Kazi ya ukutani

Ufungaji salama una hatua ambazo fundi mwenye haraka huziruka. Mabomba ya shaba yakishaunganishwa hujazwa naitrojeni kavu ili kupima kama yanavuja. Oksijeni haitumiki kamwe, kwani ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya mgandamizo hulipuka. Kisha pampu ya vakumu hunyonya hewa na unyevu mpaka geji isome maikroni 500 au chini ya hapo. Wapo wanaofungua vali kidogo ili gesi isukume hewa nje. Njia hiyo hupoteza gesi, huacha unyevu unaoua kompresa, na kwa R32 huweza kuwasha moto palipo na cheche.

Umeme nao una sharti lake: njia ya peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, swichi kinga inayolingana na kibao, na waya wa ardhini. Vyuma vinavyobeba kipande cha nje vifungwe kwenye ukuta imara, kwani chini yake watu hupita.

Nani alipe?

Hapa ndipo ushindani unapopotoka. Muuzaji anayeweka gharama ya fundi aliyefunzwa ndani ya bei yake huonekana ghali kuliko yule anayekabidhi boksi na kuondoka. Hata hivyo, wazalishaji wengi huikataa dhamana pale ufungaji usipofuata maelekezo, na mashine ikishavuka mipaka miwili kuirudisha huweza kugharimu kuliko faida yake. Kompresa moja iliyokufa huweza kumeza faida ya mashine kadhaa.

Kwa anayeagiza mzigo, busara ni kuhakiki mapema na wakala wa forodha kama gesi na mashine zinahitaji kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi zinakoenda, kuandika jina la gesi kwenye ankara na hati za mzigo, na kumtafuta fundi kabla ya kumtafuta mteja. Rahisi ni ghali, na kwa bidhaa hii mwenye kulipa ghali hiyo huweza kuwa fundi aliye juu ya ngazi au dereva aliye nyuma ya usukani.