"ACHA MAWAZO" SIYO TIBA: WAZO LIHOJIWE KAMA SHAHIDI

Wadau, mada ya leo ni nzito kidogo. Someni mpaka mwisho, halafu ndiyo mnirushie mawe kwenye maoni.

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo kinapingana na Katiba. Hicho ndicho kifungu kilichokuwa kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Yaani mtu kaokolewa, bado yuko kitandani hospitali, anayemsubiri mlangoni ni askari. Na tusiwacheke majirani, maana Kanuni ya Adhabu yetu Tanzania nayo ilirithi kosa hilohilo toka enzi za Mwingereza.

Uamuzi ule ni mzuri, sina ubishi. Ila swali langu linaanzia pale jaji alipoweka kalamu chini. Haya, askari katolewa mlangoni. NANI ANAINGIA BADALA YAKE? Na akishaingia, anamwambia nini yule mtu?

Tuanze na hilo la pili, maana ndilo tunaloliboronga kila siku.

Sisi Waswahili tuna neno letu kwa huu ugonjwa. Hatusemi "ana sonona", hilo ni la redioni na la kwenye vipeperushi. Mtaani tunasema "ana mawazo". Jamaa kakonda? Ana mawazo. Dada haongei siku hizi? Ana mawazo. Wenzetu wa Zimbabwe nao wana neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Kwa hiyo wazee wetu walishaona kitambo kwamba mzigo uko kwenye mawazo. Tatizo ni dawa tunayotoa. Tunamwambia mtu "acha mawazo", tunampiga begani, tunaondoka. Ingekuwa anaweza kuyaacha si angeshayaacha?

Dawa yetu ya pili ni ya wahamasishaji. Unalipa kiingilio, unakaa ukumbini, unaambiwa simama useme "mimi ni mshindi" mara kumi. Unatoka umechangamka kweli. Jumatatu asubuhi kodi ya chumba iko palepale na huna kazi, sasa lile neno "mshindi" linakugeukia na kukucheka.

Ipo njia ya tatu, na ndiyo hasa niliyotaka kuizungumzia. Wataalamu wanaiita tiba ya fikra na tabia. Mtu anayetajwa sana kwenye historia yake ni daktari Mmarekani, Aaron Beck, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyefariki Novemba 2021 akiwa na miaka 100. Miaka ya 1960 Beck aliona kitu kwa wagonjwa wake wa sonona. Mawazo fulani yalikuwa yanapita kichwani mwao harakaharaka, yenyewe tu, bila kuitwa. "Sifai." "Watanicheka." "Hakuna kitakachobadilika." Wagonjwa hawakuwa wanayahoji hata kidogo. Waliyapokea kama taarifa ya habari.

Kazi ya mtaalamu hapo siyo kukwambia uwaze mazuri. Anakaa na wewe mnalikamata hilo wazo, mnaliweka mezani na kulihoji kama shahidi mahakamani. Ulijuaje? Ushahidi uko wapi? Upo ushahidi wa upande wa pili? Rafiki yako angekuwa kwenye hali hii ungemwambia hivyohivyo?

Tuchukue mfano wa kijana yeyote aliyemaliza shule. Katuma maombi ya kazi sehemu tano, hakuna aliyejibu. Wazo linakuja: "Mimi si kitu, sitapata kazi maisha yangu yote." Tulipasue vipande. Sehemu tano hazijajibu: huo ni UKWELI, hakuna wa kuufuta. "Sitapata maisha yangu yote": huo ni utabiri, na yeye si mnajimu. "Mimi si kitu": hiyo ni hukumu, na hakimu ni yeye mwenyewe, saa nane za usiku, na njaa juu. Mkishapasua hivyo, mnatafuta sentensi nyingine ya kuweka pale, ambayo mtu anaweza kuiamini hata akiwa na njaa. Kwa mfano: "Sehemu tano hazijanijibu, inauma, na sijui kwa nini. Kesho nitakwenda kuuliza moja kati ya hizo." Kisha anakwenda kweli kuuliza, maana hiyo tiba ina neno "tabia" ndani yake. Wazo jipya linapelekwa mtaani kujaribiwa.

Mnaona tofauti? Mhamasishaji anafuta ukweli na uongo vyote pamoja. Hii njia inauacha ukweli ulipo na kuondoa chumvi iliyozidi tu. Kwangu mimi hapo ndipo penye heshima. Hakuna anayemdanganya mtu maskini kwamba si maskini.

Sasa turudi kwenye lile swali la kwanza, nani anaingia mlangoni.

Jibu la kawaida ni kwamba wanasaikolojia ni wachache, wengi wako mijini, na gharama zao hazishikiki, basi tusubiri serikali isomeshe wengine. Tukisubiri hivyo tutazeeka. Na huku Afrika kuna watu hawakusubiri.

Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 kule Mbare, Harare. Mabibi wa mtaani, wahudumu wa afya wa kujitolea, wakafundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wao uliofanyika kwenye kliniki za Harare yalitoka kwenye jarida kubwa la madaktari la Marekani, JAMA. Waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kenya, kijana Tom Osborn na wenzake walianzisha Shamiri. Neno hilo mnalijua, halihitaji tafsiri. Wao walikwenda kwenye shule za sekondari na programu ya vikao vinne vya makundi. Wanafunzi wanajadili kwamba akili na tabia ya mtu hukua, wanaandika mambo wanayoshukuru, wanataja yale wanayoyathamini. Lengo ni kulitikisa lile wazo la "mimi ndivyo nilivyo, siwezi kubadilika". Utafiti wao wa wanafunzi 413 ulichapishwa mwaka 2021. Kundi la kulinganisha lilifundishwa mbinu za kusoma, nalo lilipata nafuu, ila kundi la Shamiri lilipata nafuu zaidi kwenye sonona na wasiwasi.

Na mnajua nani aliyeendesha vile vikao? VIJANA WALIOMALIZA SEKONDARI. Siyo madaktari wala maprofesa. Ni watu wa elimu kama yangu mimi ninayeandika hapa, waliopewa mafunzo mafupi na msimamizi wa kuwaangalia.

Mimi nimeishia kidato cha nne. Tangu nimalize, naambiwa kwenye kila dirisha la ajira kwamba cheti changu hakitoshi hata kubeba faili. Ofisi moja, sitaitaja, karani alinirudishia bahasha bila kuifungua. Kwa hiyo niliposoma kwamba watu wa cheti kama changu wamefanya kazi ambayo utafiti mkubwa unaonyesha imepunguza maumivu ya wenzao, nilisoma ile habari mara mbili.

Hapa naomba tusishangilie mapema, maana uchambuzi bila upande wa pili ni kampeni.

Kuna utafiti mwingine, huu wa nyumbani kabisa, Moshi kwetu na Bungoma kule Kenya, uliochapishwa mwaka 2020. Watoto 640, miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Washauri hawakuwa wataalamu, ni watu wa kawaida waliofundishwa. Watoto walipata tiba ya fikra na tabia iliyotengenezwa kwa ajili ya watu waliopatwa na jambo la kuumiza, pamoja na kuhoji yale mawazo yanayowatafuna, kama mtoto kuamini kifo cha mzazi ni kosa lake. Baada ya matibabu, sehemu tatu kati ya nne zilionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida. Sehemu ambayo haikuonyesha tofauti ni Moshi mjini. Na baada ya mwaka, tofauti ilibaki Kenya, mjini na vijijini. Kwa upande wa Tanzania, watoto wa huduma ya kawaida walikuwa wamewafikia wenzao.

Maana yake nini? Mtu anaweza kusema tiba imefeli Tanzania. Mimi sisomi hivyo. Watoto wa huku walipona, wa makundi yote mawili. Ninachosoma ni kwamba tiba haifanyi kazi hewani. Inategemea mtoto anarudi nyumba gani, anakula nini, nani anamlea, shule inamwambia nini. Wazo halizaliwi kichwani peke yake, mengine tunayapanda sisi.

Kumbukeni matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Yalipotangazwa Februari 2013, karibu asilimia 60 ya watahiniwa walipata divisheni ziro. Nchi nzima ikawaita "maziro". Serikali ikaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei 2013 yale matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu wa mwaka 2011, kwa sababu kiwango cha kupanga madaraja kilikuwa kimebadilishwa. Wako waliolala ziro wakaamka na divisheni foo. Mtihani uleule na karatasi zilezile, wala hawakuongeza hata nukta moja.

Sasa wewe mshauri, mwaka ule angekuja kijana akakwambia "mimi ni ziro", ungemwuliza ushahidi uko wapi, angekuonyesha karatasi ya serikali yenye muhuri! Na bado karatasi ile ilikuja kufutwa. Sioni mfano bora zaidi ya huo wa kwa nini wazo lihojiwe hata likija na muhuri.

Ndiyo maana niliipokea vizuri hatua ya NECTA mwaka 2023, walipotangaza matokeo ya 2022 na kusema hawatataja tena shule na wanafunzi bora kitaifa. Wengi walilalamika. Lakini ukimweka mtoto mmoja juu ya meza nchi nzima imwone, kuna maelfu unawafundisha kujiona wako chini ya meza.

Basi msimamo wangu, kwa kifupi.

Kwanza, hii kazi ya kukaa na mtu na kuhoji wazo ifundishwe kwa watu wengi: wahudumu wa afya wa jamii, walimu wa malezi, viongozi wa dini, na vijana waliomaliza shule. Lakini iwe na mafunzo na iwe na msimamizi mtaalamu. Mtu asiyekula wala kulala kwa wiki, anayesikia sauti, au anayesema anataka kufa, huyo si wa kijiweni. Apelekwe hospitali, na asiachwe peke yake njiani.

Pili, WALIPWE. Tusije tukaligeuza hili kuwa shamba jipya la kujitolea, kijana anaponya mtaa mzima kisha jioni anakopa unga. Atakuwa na mawazo ya kwake, na hayo yatakuwa na ushahidi kamili.

Tatu, watunga sera wasijifiche nyuma ya tiba. Ukimfundisha kijana kuhoji wazo lake la "sina njia" halafu njia yenyewe hujaitengeneza, siku moja atalihoji vizuri sana na kugundua alikuwa sahihi. Hapo mnaotakiwa kumjibu ni nyinyi, siyo mshauri.

Na sisi wa mtaani tuna la kufanya leo bila bajeti. Mtu akikwambia ana mawazo, usimwambie ayaache. Mwulize: yanasemaje? Kisha kaa kitako umsikilize.

Nawasilisha. Wanaopinga karibuni, ila mje na ushahidi.