Mgombea mwenza si pambo la jukwaani

Raila Odinga alipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wake nchini Kenya, Mei 2022, gumzo likawa moja: ni mwanamke. Wachache waliuliza amefanya nini. Karua ni mwanasheria, alikuwa mbunge wa Gichugu kwa miaka 20, akawa waziri wa sheria na mwaka 2009 akajiuzulu mwenyewe. Rigathi Gachagua, mwenza wa William Ruto, alikuwa na kipindi kimoja tu bungeni. Sikusikia mtu akiuliza kama yeye kateuliwa kwa sababu ni mwanaume.

Sisi tuliosomea ukimbizini Tanzania tulifundishwa katiba ya nchi ile kabla ya yetu. Rais akifariki, makamu humalizia muhula, bila uchaguzi. Mwaka 2015 wako waliomwona Samia Suluhu Hassan kama mtu wa kusawazisha tu: mwanamke, tena Mzanzibari. Kumbe alishakuwa waziri Zanzibar na katika Muungano, na makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014.

Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Mwezi huohuo Kenya ilikuwa imezuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Mei, Samia alikuwa Nairobi akizungumza biashara na Uhuru Kenyatta. Wenye magunia mpakani wanajua uzito wa safari hiyo. Lawama za uchaguzi wa Oktoba 2025 ni nzito pia, na hizo azijibu kama rais, si kama mwanamke.