Kizuri Hakijiuzi Kama Hakionekani: Maoni Yetu kwa Waongoza Watalii wa Garissa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, methali hii imewaponza wengi tangu biashara ihamie kwenye simu.

Garissa ina vizuri vya kutosha. Kilomita chache kusini mwa mji, pale Bour-Algi, kuna twiga wale wenye mistari myeupe kama wavu, wanaoishi karibu na watu na mifugo. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unapita kando ya mji na viboko na mamba wake. Kuna soko la mifugo ambapo mgeni anaweza kukaa nusu siku akiangalia ngamia wakiuzwa, halafu anywe shaah na kuonja nyirinyiri. Ukishuka hadi Ijara kuna hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, makao ya hirola, swala adimu ambaye inakadiriwa wamebaki chini ya 500 porini.

Sasa chukua simu, uandike "matembezi Garissa", halafu ujitafute. Je, uko? Kama haupo, mgeni atampigia wakala wa Nairobi, kilomita 370 hivi kutoka hapa. Wakala atachukua sehemu yake kwanza, kisha akutafute wewe uifanye kazi kwa kilichobaki.

Sisi ni watu wa malipo, si watu wa utalii. Lakini mteja asiyekuona hawezi kukulipa, na till isiyolipwa haikufaidi wewe wala sisi. Tunasema wazi kwamba tuna maslahi hapo. Hata hivyo, ushauri wetu wa leo hauhitaji ununue chochote. Kwa maoni yetu, wengi hawafichwi na ukosefu wa tovuti wala pesa za matangazo. Wanafichwa na mambo matatu: majina mengi, bei iliyofichwa, na ukimya kuhusu usalama.

Jina moja kila mahali

Angalia Bour-Algi yenyewe. Mmoja anaandika Bour-Algi, mwingine Bouralgi, mwingine Garissa Giraffe Sanctuary. Mama wa Kisomali aliyekuja likizo na watoto wake anaweza kuandika "geri Garissa", na mwalimu kutoka Kitui akaandika "twiga Garissa". Wote wanatafuta kitu kimoja.

Basi kwenye maelezo ya safari yako, tumia majina yote ambayo watu huyatumia, ndani ya sentensi za kawaida. Lakini jina la biashara yako liwe moja tu. Usilijaze maneno kama "Bora Nafuu Safari Garissa Wajir Mandera" ukidhani utapanda juu. Google hairuhusu hilo, na wasifu wako unaweza kusimamishwa.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa malipo tunaliona kuliko wengine. Mgeni amekupata kwenye ramani kwa jina la biashara. Anataka kutuma malipo ya awali, na simu inamwonyesha jina la mtu mwingine kabisa, labda la shemeji yako aliyekuazima laini. Hapo anasita. Kwani wewe ungetuma? Jina la kwenye ramani, la kwenye WhatsApp na la kwenye till yafanane. Ukiwa na till yenye jina la biashara, mgeni ana sababu moja zaidi ya kukuamini kabla hajakuona uso.

"Bei inboksi" inafukuza wageni

Mazungumzo haya sote tunayajua:

"Walaal, safari ya kuona twiga ni pesa ngapi?"

"Njoo inboksi."

Anakuja inboksi, anaambiwa "inategemea". Inategemea nini? Hajui. Anaondoka kimya, na wewe unasema biashara ni mbaya.

Tunaelewa sababu za kuficha bei. Unaogopa mshindani ataiona apunguze shilingi mia. Unatumaini mgeni wa mbali atalipa zaidi. Na kweli gharama ya gari hubadilika kwa idadi ya watu na bei ya mafuta. Lakini mshindani wako anaijua bei yako tayari. Mji ni huu huu. Asiyeijua ni mgeni, na yeye ndiye mwenye pesa. Anayepanga safari kwa simu hulinganisha watu watatu au wanne kwa dakika chache, na asiye na bei anarukwa.

Kama bei hubadilika, andika inapoanzia na kinachoibadilisha. Huu hapa mfano, na bei ni za mfano pia:

*Matembezi ya jioni kuona twiga (geri) wa Bour-Algi, Garissa. Tunaondoka mjini saa kumi alasiri, tunarudi kabla ya magharibi. Sh1,500 kwa mtu mzima, Sh500 kwa mtoto. Usafiri na maji ya kunywa yamo. Ada ya kuingia haimo. Malipo ya awali ni Sh500 kwa kila kundi, na tukiahirisha sisi tunarudisha zote siku hiyo hiyo. Tunazungumza Kiswahili, Kisomali na Kiingereza.*

Mgeni akisoma hayo, hana swali kubwa lililobaki. Maneno hayo hayo ndiyo yanayosaidia mitambo ya kutafuta ikulete mbele ya anayehitaji: mahali, mnyama, saa, lugha.

Usalama: sema kabla hujaulizwa

Hili ni gumu, lakini tusilikwepe. Mtu akitafuta Garissa kwenye intaneti atakutana na habari za tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148 walipouawa Chuo Kikuu cha Garissa. Atakutana pia na maonyo ya serikali za nje kwa raia wao kuhusu maeneo yaliyo karibu na mpaka wa Somalia. Huwezi kufuta hayo, na hupaswi kujaribu. Waliopoteza watoto wao bado wako nasi.

Ukinyamaza, mgeni atajaza nafasi hiyo kwa hofu. Ukiandika "Garissa ni salama asilimia mia", atajua unauza maneno. Andika unachokifanya: unauliza nani kuhusu hali ya njia kabla ya kuondoka, mnarudi saa ngapi, na lini unafuta safari. Mgeni wa kutoka nje mwambie aangalie ushauri wa nchi yake na bima yake kwanza. Kama safari fulani haimfai, mwambie hivyo. Utampoteza leo, lakini atakutaja kwa wema kesho.

Taja pia leseni yako. Waongoza watalii Kenya hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Kama unayo, kwa nini iko kwenye droo?

Anza na wageni walio karibu

Wengi wanamsubiri Mzungu mwenye kamera. Kwa maoni yetu, wageni wako wa kwanza tayari wako kwenye barabara ya Thika kuja Garissa: familia za Eastleigh zinazokuja nyumbani Idd, ndugu wa ughaibuni wanaotaka watoto wao waone ngamia kwa macho, watumishi wa serikali waliohamishiwa hapa, wafanyakazi wa mashirika wanaopita kwenda Dadaab, wanafunzi wa chuo. Hawa hawahitaji kushawishiwa sana kuhusu Garissa. Wanahitaji cha kufanya Jumapili alasiri. Waandikie wao, kwa lugha zao, na uweke tangazo wiki kadhaa kabla ya sikukuu.

Kazi ya jioni moja

1. Fungua wasifu wa biashara kwenye Google. Ni bure. Kama huna ofisi, unaweza kuficha anwani ya nyumbani na kutaja maeneo unayohudumia. Utaombwa kuthibitisha, mara nyingi kwa video fupi.
2. Weka picha ulizopiga mwenyewe. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu, hasa sokoni na hasa akina mama. Wanyama adimu kama hirola usiwawekee alama ya mahali hasa walipo, na usiahidi kwamba mgeni lazima atawaona.
3. Andika safari moja tu kwa ukamilifu, pamoja na bei, kisha nakili maelezo hayo hayo kwenye WhatsApp ya biashara na Facebook.
4. Baada ya safari, mwombe mgeni aandike maoni ya kweli. Usimlipe wala kumwahidi punguzo kwa hilo. Hairuhusiwi, na wasomaji hunusa maoni ya kununuliwa.
5. Jitumie shilingi kumi kwa simu ya rafiki kupitia till yako. Tazama jina linalotokea. Kama hulitambui wewe, mgeni atalitambuaje?

Ukigundua jina la till halilingani na la biashara, wasiliana na huduma kwa wateja tukusaidie kulirekebisha. Na kama kawaida: hatutakupigia simu kuomba PIN yako, na mgeni wa kweli haihitaji ili akulipe. Ukipata ujumbe kwamba mtu "amekutumia zaidi kimakosa", angalia salio lako kwanza kabla ya kurudisha hata shilingi moja.