Mwenye uzamivu asisubiri tangazo gazetini

KILA baada ya mahafali, vijana waliotunukiwa shahada ya uzamivu huuliza swali lile lile: nafasi za utafiti baada ya uzamivu hutangazwa wapi?

Wengi huzitafuta kama mtu atafutavyo kazi ya uhasibu. Wanaambatanisha vyeti, wanasubiri usaili. Kwa hapa nchini watasubiri sana. Ngazi zinazofahamika vyuoni ni mhadhiri msaidizi, mhadhiri na kuendelea hadi profesa. Nafasi ya muda ya mtafiti aliyemaliza uzamivu huzaliwa ndani ya mradi, na mradi una mwenyewe.

Kwa hiyo anayetafutwa kwanza ni mtu, si tangazo. Hata nje ni hivyo. Mfuko wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani humtaka mwombaji awe tayari na mtafiti mwenyeji aliyekubali kumpokea. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya nao hutaka taasisi mwenyeji, na mwombaji asiwe amepitisha miaka 8 ya utafiti tangu apate uzamivu. Mwenyeji hapatikani wiki moja kabla ya mwisho wa maombi. Aandikiwe mapema, barua ya ukurasa mmoja inayosema una takwimu gani mkononi na unataka kujibu swali gani. Ile ya "naomba nafasi yoyote" profesa haimalizi kuisoma.

Msomaji ambaye ni mkulima anaweza kudhani haya ni ya wasomi peke yao. Tuchukue korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara msimu wa 2007/08, swali la iwapo mkulima ananufaika halikuweza kujibiwa kwa msimu mmoja. Soko la dunia hupanda na kushuka, mvua hubadilika, makato nayo hubadilika. Mwanafunzi wa uzamivu hukusanya takwimu za msimu mmoja, au miwili akibahatika, kwa sababu fedha zake zinaishia hapo. Akishaajiriwa kufundisha mamia ya wanafunzi na kusahihisha mitihani yao, madodoso yanabaki kabatini. Wizara inapotaka ushauri anaitwa mshauri mwelekezi, ambaye huanza upya kwa gharama kubwa zaidi.

Ndiyo maana naona kila profesa wa Sokoine au Dar es Salaam anayeandika andiko la kuomba fedha angeweka humo mshahara wa mtafiti mmoja wa aina hii, kwa miaka miwili. Magari na semina hatusahau kuyaweka. Ni rahisi zaidi kuliombea fungu hilo mwanzoni kuliko kulipenyeza mradi ukiwa katikati.

Na anayebahatika kupata nafasi aulize kabla ya kusaini: mkataba ukiisha, takwimu zitakuwa za nani, na jina lake litakaa wapi kwenye machapisho? Nimeona mikataba isiyosema neno juu ya hilo.