Wito pekee haulipi kodi: Kwa nini vijana wa Umoja bado wanachagua uuguzi

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, mjadala mmoja huzuka upya katika nyumba nyingi za mtaa wa Umoja, Nairobi. Mtoto amepata alama ya C, au C+ akiwa na bahati. Uhandisi umemponyoka, udaktari hata hautajwi. Ndipo mzazi anapouliza, nusu akishauri na nusu akiamuru: Mbona usisomee uuguzi?

Swali hilo lina mantiki yake. Kujiunga na kozi ya stashahada ya uuguzi katika chuo cha serikali cha KMTC kunahitaji alama ya wastani ya C, pamoja na C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. Masomo huchukua miaka mitatu. Shahada ya chuo kikuu, inayohitaji C+, huchukua miaka minne na mwaka mmoja zaidi wa mafunzo ya kazi hospitalini. Kwa familia inayolipia chumba cha kupanga kila mwezi, tofauti hiyo ya miaka miwili si jambo dogo.

Umoja wenyewe ni mtaa uliojengwa juu ya hesabu za aina hiyo. Ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa ufadhili wa serikali ya Marekani, ili wafanyakazi wa mapato ya chini na ya kadiri wanunue nyumba kwa malipo ya polepole. Nyumba hizo ndogo za awali nyingi zimemezwa na maghorofa ya kupangisha, lakini fikra iliyouanzisha mtaa haijafa: kwamba mtu wa kipato cha wastani, akipata kazi yenye mshahara wa kudumu, anaweza kupanda ngazi moja na kuwavuta nduguze nyuma yake. Kwa kizazi cha kwanza cha wakazi kazi hiyo ilikuwa ukarani au ualimu. Kwa wajukuu wao, kila mara zaidi, ni uuguzi.

Hata hivyo, si hivyo mwombaji anavyojieleza anapofika mbele ya jopo la usaili au anapoandika barua ya maombi. Hapo hutolewa jibu ambalo kila mwenye kusikiliza amekwisha kulisikia: tangu utotoni alipenda kuwasaidia wagonjwa. Ni jibu zuri, na mara nyingi lina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba limekaririwa, na wanaolipokea wanajua hivyo.

Ukweli kamili una tabaka zaidi. Kuna msichana aliyemtunza nyanya yake mwenye kisukari na kujifunza kudunga sindano ya insulini kabla ya kufikia kidato cha pili. Kuna kijana ambaye mamake alijifungulia katika wodi ya Pumwani yenye msongamano, na tangu hapo nyumbani hakuishi kusimuliwa kuhusu muuguzi mmoja aliyewajali. Kuna waliokulia jirani na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyojengwa kwa msaada wa Uchina na kuanza kuhudumia wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakiona kila alfajiri wafanyakazi wa zamu ya usiku wakivuka barabara kutafuta matatu. Hawa wote wana wito. Lakini pia wana kodi ya nyumba, wadogo wanaosoma, na shangazi kijijini anayetarajia kutumiwa pesa.

Kosa kubwa katika mijadala ya uuguzi nchini ni kuyatenganisha mambo hayo mawili, kana kwamba anayetaja mshahara amekwisha kuukana wito. Mhandisi haulizwi kama anayapenda madaraja. Muuguzi ndiye anayetakiwa kuapa kwamba anawapenda wagonjwa kabla ya kuruhusiwa kuuliza atalipwa nini. Huenda hili linatokana na historia. Hadi leo wagonjwa wengi humwita muuguzi wa kike sista, jina lililorithiwa kutoka hospitali za Waingereza na misheni, huku muuguzi wa kiume akiitwa daktari hata akikana mara tatu. Mtawa hadai marupurupu.

Neno wito limekuwa na manufaa makubwa kwa mwajiri. Wauguzi wa hospitali za umma walipogoma kuanzia Juni 5 hadi Novemba 2, 2017, wakidai kutekelezwa kwa mkataba wa pamoja wa mishahara, waliambiwa mara kwa mara kwamba wamewasaliti wagonjwa. Mgomo huo wa takriban miezi mitano uliwaumiza hasa wasiomudu hospitali za kibinafsi, na wakazi wa Eastlands wanalikumbuka hilo. Desemba 2020, katikati ya janga la corona, waligoma tena, safari hii wakitaka miongoni mwa mengine vifaa vya kujikinga na bima ya matibabu. Ni vigumu kuona jinsi ombi la glavu na barakoa linavyoweza kuitwa ulafi.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wauguzi walioajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020 pamoja na wahudumu wengine chini ya mpango wa Afya kwa Wote walicheza kwao kwa miaka mitano. Mwaka 2025 walikuwa wakikesha nje ya makao makuu ya Wizara ya Afya, Afya House, wakidai ajira ya kudumu. Kijana wa Umoja aliyekuwa akijaza fomu ya KMTC mwaka huo aliyaona hayo kwenye simu yake, na hahitaji mchambuzi kumweleza maana yake.

Ndiyo maana lengo la tatu, ambalo mwombaji halitaji kabisa mbele ya jopo, ni ng'ambo. Hapa nako kuna unafiki wa aina yake. Serikali inayomkemea muuguzi kwa kutamani kuondoka ndiyo iliyotia saini mkataba na Uingereza Julai 2021, wakati wa ziara ya Rais Uhuru Kenyatta jijini London, ili kuwapeleka huko wauguzi wasio na ajira. Septemba 2024 Rais William Ruto alishuhudia mjini Berlin kutiwa saini kwa mkataba wa uhamiaji wa kikazi na Ujerumani. Ulimwengu nao unawahitaji: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2025 kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023.

Lakini mlango huo si mpana kama mawakala wanavyousifu. Mapema mwaka 2022 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alifichua kwamba kati ya wauguzi 300 wa kundi la kwanza lililokusudiwa kwenda Uingereza, 10 pekee ndio waliofaulu mtihani wa lugha ya Kiingereza. Taifa zima lilicheka, jambo ambalo halikuwa la haki. Mtihani huo hudai alama ya 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza na 6.5 katika kuandika, kiwango ambacho hata wahitimu wengi wa vyuo vikuu wangekitolea jasho. Kwa upande wa Ujerumani, habari zilizoenea kuhusu nafasi 250,000 zilikanushwa na serikali ya nchi hiyo, iliyosema mkataba hautaji idadi yoyote. Na anayetaka kutambuliwa huko kama muuguzi kamili hutakiwa, kwa kawaida, kukifahamu Kijerumani hadi kiwango cha B2.

Basi ndoto ya ng'ambo si njia ya mkato. Ni masomo mengine juu ya masomo, na gharama nyingine juu ya karo. Mzazi anayepanga kuuza kiwanja akitarajia pauni baada ya miaka mitatu anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kutia saini.

Kuna hatari iliyo karibu zaidi ya London na Berlin. Katika mitaa ya Eastlands, juu ya maduka na kando ya vituo vya matatu, vimechipuka vyuo vinavyotangaza kozi fupi za kuwaandaa wasaidizi wa wauguzi na watunzaji wa wazee. Baadhi hufundisha ujuzi wa kweli, na kazi ya kumtunza mzee ni kazi ya heshima. Lakini cheti hicho hakimfanyi mtu kuwa muuguzi. Baraza la Wauguzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, ndilo linaloidhinisha vyuo, kusimamia mtihani wa usajili na kutoa leseni. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitazama. Anayelipa karo bila kuitazama anaweza kujikuta na mtoto mwenye sare nyeupe, picha ya mahafali ukutani, na mlango wa kila wodi ya serikali umefungwa mbele yake. Familia za aina hiyo hazijitangazi. Huona haya, na chuo husajili kundi jingine.

Linalowasaidia waombaji, kwa hivyo, ni kuulizwa swali bora kuliko lile la kwa nini unataka kuwa muuguzi. Waulizwe wanataka kuwa muuguzi wa namna gani, wapi, na baada ya miaka kumi wawe wamefanya nini. Anayejibu kwamba anataka ukunga, au chumba cha wagonjwa mahututi, au huduma za jamii, amekwisha kufikiri. Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit aliyetuzwa dola 250,000 mjini Dubai Mei 12, 2022, hakusifiwa kwa upole pekee. Alikuwa na jambo mahususi: kupigana na ukeketaji na ndoa za mapema katika jamii yake, na kujenga shule kijijini Torbi ambako watoto husoma asubuhi na wazazi wao alasiri.

Si kila msichana wa Umoja atakayefika Dubai, wala hatakiwi. Wengi wao, wakihitimu, watataka jambo dogo zaidi: barua ya ajira ya kudumu kutoka kaunti yoyote kati ya 47, hata iwe Turkana au Tana River. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, barua hiyo hutoka kwa bodi za kaunti, na kila bodi ina bajeti yake na watu wake wa kuwafikiria kwanza. Wapo wanaoisubiri barua hiyo huku wakifanya zamu za kibarua katika zahanati za mtaani, wakilipwa kwa siku na kuhesabu miezi iliyobaki kabla ya leseni zao kuhitaji kulipiwa upya.